Ngao ya Mjerumani kwenye basi la Mbamba Bay

Msomaji wangu, ukitaka kuchekwa na basi zima, muulize Mzungu kama pete yake ni ya mganga. Mimi niliuliza. Tulikuwa tumetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, na jirani yangu, kijana wa Kijerumani mwenye Kiswahili cha kuombea maji, alivaa pete iliyochorwa ngao, kofia ya chuma na mapembe mawili ya nyati juu yake. Sasa pembe kwetu si unajua?

Hakununa. Eti ni nembo ya ukoo wao. Nikajua nimekaa na mtoto wa mfalme! Akacheka: kwao hata mafundi na wakulima walikuwa nazo tangu zamani. Tazama kofia, akasema. Iliyofungwa, yenye upenyo wa macho tu, kwa desturi ni ya raia. Yenye nondo kama dirisha la benki ni ya makabaila. Yake imefungwa. Kapuku mwenzangu.

Kwenye ngao kulikuwa na gurudumu la kinu, maana jina lao ni Müller, yaani msaga nafaka. Rangi je, na pete ni ya fedha tupu? Hapo nikapata shule: mistari ya kusimama ni nyekundu, ya kulala ni bluu, vitone ni dhahabu, pakiachwa patupu ni fedha. Tena kulia kwa ngao ni kulia kwake aliyeishika, siyo kwako wewe mtazamaji.

Tukaanza kupita mashamba ya ngoro, vishimo na matuta yamekatana mlima mzima kama ubao wa drafti. Jamaa akabandika pua kiooni. "Hii ngao!" Kwao ngao za miraba ni nyingi. Nikamweleza, kwa maringo, kwamba Wamatengo hufukia majani kwenye matuta yale ili mvua isiibe udongo.

"Na ya ukoo wenu ikoje?"

Nikanywea. Siyo siri, safari yenyewe ilikuwa ya aibu. Ntambo ya babu, kile kipande cha mlima cha ukoo, ilikuwa inagawanywa, na mimi mtoto wa Dar sikujua mpaka wa marehemu baba. Aliyebaki anaujua ni shangazi, aliyeolewa Liuli.

Liuli ndiyo Sphinxhafen ya Wajerumani, ambako Waingereza waliipiga meli yao Hermann von Wissmann tarehe 13 Agosti, 1914. Huyo Wissmann sasa ndiye wa kofia ya nondo. Hilo "von" alipewa 1890.

Shangazi alinipokea, akanisuta kidogo, kisha akachora mchangani kwa kijiti: mgongo wa mlima, vijito viwili, jiwe.

"Ya baba yako kulia."

"Kulia kwa nani, shangazi?"

Akaniangalia kama mgonjwa. "Kwa babu yako! Amesimama juu, anatazama mtoni."

Nikaomba kalamu kwa Mjerumani.