Pilipili Iliyopewa Muda

Wapo wadhanio kwamba kazi ya pilipili ni kuunguza ulimi tu. Wakorea wameonyesha vinginevyo. Kiungo chao kiitwacho gochujang ni rojo nzito, nyekundu, yenye ukali, chumvi na utamu ndani ya kijiko kimoja.

Pilipili si mzaliwa wa Korea, kama isivyo mzaliwa wa pwani yetu. Asili yake ni Amerika, nayo ilisambaa duniani baada ya mwaka 1492 kwa merikebu za Wazungu. Wakorea waliipokea, kisha wakaipa muda. Huchanganya unga wa pilipili, mchele wa kunata, kimea cha shayiri, chumvi, na unga wa soya iliyochemshwa, ikapondwa na kuvundikwa. Mchanganyiko huo hukaa miezi kadhaa katika mitungi ya udongo uani. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na soya iliyochacha huleta ladha kama ya nyama. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa Korea Kusini wa kutengeneza viungo vya soya katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hata hivyo, wakazi wengi wa mijini huko, waishio ghorofani pasipo ua, hununua yao dukani.

Nami sina ua. Hununua kopo dogo, nalo hudumu. Sosi yenyewe huitengeneza nyumbani: vijiko 4 vikubwa vya gochujang, kimoja cha sosi ya soya, kimoja cha siki, kimoja cha asali, punje 2 za kitunguu saumu zilizotwangwa, na kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta. Hukorogwa bila moto. Ikizidi uzito, huongezwa maji kidogo.

Wakorea huchanganya gochujang na wali wa mboga uitwao bibimbap, huipikia vikate vya mchele, na wakiitia siki huchovea samaki mbichi. Kwetu yafaa kwa muhogo wa kukaanga na dagaa. Kuku wa kubanikwa apakwe dakika za mwisho, maana asali huungua upesi.

Lakini thamani yake huijua zaidi wakati wa mwambo. Maharage yakirudi mezani siku ya tatu mfululizo, mwanangu huisogeza sahani kando. Kijiko kimoja cha sosi hii humrudisha mezani, nami hulala nikijua ameshiba.

Mama mkwe wangu, ambaye ana shinikizo la damu, alinionya: "Mwanangu, mnakula chumvi iliyovaa kanga nyekundu." Neno lake ni kweli, kwa kuwa gochujang na sosi ya soya zote zina chumvi nyingi. Tangu hapo siungi chakula cha wote kwa sosi hii. Maharage hupikwa bila chumvi, na bakuli la sosi hukaa pembeni, kila mtu akajipimia.

Ndugu msomaji, jaribu hivyo Jumapili hii. Mezani pako yupo apendaye ukali, na yupo asiyeruhusiwa. Wote wale chungu kimoja.