Beki Aliyegeuza Uso

Leo wacha niongee na wanaume, hasa nyinyi mashabiki wa Arsenal mliozoea kuvumilia.

Mnamkumbuka Per Mertesacker. Mjerumani wa karibu mita 2, beki wa kati, miguu mizito lakini akili inayofika kabla ya mpira. Alianzia Hannover, akaenda Werder Bremen, kisha Arsenal mwaka 2011. Aliichezea Ujerumani mechi 104 na akabeba Kombe la Dunia 2014. Ukimtazama ungesema huyu ni ukuta.

Machi 2018, akikaribia kustaafu, aliwafungulia moyo waandishi wa Der Spiegel. Alisema siku ya mechi tumbo lilikuwa linamwendesha tangu asubuhi. Muda mfupi kabla ya filimbi kichefuchefu kilimpanda, akageuza uso kando ili kamera zisimwone. Na 2006, Italia ilipowatoa nusu fainali nyumbani kwao Ujerumani, alihuzunika, lakini zaidi ya huzuni alihisi afueni. Presha imeisha! Alikuwa na miaka 21 tu.

Lothar Matthäus, nahodha wa zamani, alimkosoa hadharani, akiuliza mtu wa namna hiyo atawaleaje vijana. Arsenal walimkabidhi akademia yao hata hivyo.

Mimi namwelewa. Kuna Jumapili nimejifungia chooni dakika kumi kabla ya kuhubiri, kisha nikatoka nikitabasamu na kuwaambia watu wampigie Bwana makofi. Mke wangu pekee ndiye alijua. Hata Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, alikimbia akaketi chini ya mretemu akiomba afe. Aliletewa mkate na maji, akaachwa alale.

Nairudia sana fainali ya Kombe la FA, Mei 27, 2017. Goti lilikuwa limemweka nje karibu msimu wote, hakuwa ameanza mechi hata moja. Mabeki wenzake wakakosekana, huyu akafungiwa adhabu, yule mgonjwa, ikabidi aanze yeye dhidi ya Chelsea pale Wembley. Akacheza kama mtu asiye na hofu yoyote. Arsenal 2, Chelsea 1. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Siku hizi nikiitazama tena, najiuliza asubuhi ile ilikuwaje kwake.

Ndugu yangu, wewe unayegeuza uso, nitumie ujumbe. Usiku pia ni sawa. Sitauliza unaabudu wapi.