Pikapu ya Mjukuu Wangu

Boksi lilikuwa dogo na jepesi kama pakiti ya biskuti. Mpwa wangu aishiye Ujerumani alimletea mjukuu wangu alipokuja likizo hapa Kisondela. Juu yake imechorwa pikapu ya Kijapani, na nyuma kwenye bodi umefungwa mzinga wa kutungulia ndege. Ndani, vipande vyote vya gari, tangu bampa hadi usukani, vimeshikana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja na namba yake. Waliolitengeneza ni kampuni ya Meng ya China, na kipimo chake ni 1 kwa 35. Gari la mita nne na nusu linakuwa na sentimeta 13 tu.

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia kwenye migomba hii ya Rungwe tulitengeneza magari yetu wenyewe. Bodi ilikuwa ya matete, magurudumu tuliyakata kwenye kandambili zilizochakaa, na taa zilikuwa vizibo vya soda. Kwa kuwa hakuna aliyetupa vipande vyenye namba, ilitubidi tulitazame gari lenyewe. Lilipopita tulilikimbilia mpaka pumzi zituishie, tukihesabu boriti za bodi na kukariri namba. ST ilikuwa ya serikali, SU ya shirika la umma. Mtoto aliyeweka bomba la moshi upande usio wake alichekwa wiki nzima.

Basi niliketi na mjukuu wangu, wembe mkononi, nikiwa na shaka kidogo na mchezo ambao mtu mwingine amekwisha kuufikiri wote. Lakini nilijifunza jambo kuhusu gundi yake. Haibandiki kama gundi ya karatasi. Huyeyusha plastiki kidogo, na inapokauka vipande viwili vimekuwa kimoja. Kwa hiyo kila kipande hujaribiwa kikiwa kikavu kwanza, hata mara tatu, kabla ya tone la gundi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hapendi mara tatu. Alizoea.

Ugomvi ulikuwa juu ya mzinga.

“Babu, umechorwa kwenye boksi,” alisema. Ni kweli. Na waliouchora hawakuubuni: mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyapiga ya Libya jangwani yakitumia pikapu nyepesi za namna hiyo, hata vita hivyo vikaitwa vita vya Toyota. Tangu hapo, pikapu yenye silaha mgongoni imeonekana katika vita vingi. Sikumkatalia. Nilimwuliza tu pikapu ya Kisondela hubeba nini. Akataja ndizi, maparachichi, magunia, mabati, watu wa msibani. Nikamwambia tufanye hiyo kwanza, mzinga tutauona baadaye.

Hapo ndipo kazi ilipopata utamu, maana karatasi ya maelekezo haikutusaidia tena. Gari la kwenye boksi limekaa chini, sawasawa, kama lililotoka kiwandani jana. Huku kwetu fundi huongeza majani ya springi ili nyuma ipande na kustahimili mzigo. Tukachonga majani hayo kutoka kwenye fremu zilizobaki, membamba kama kucha, matatu kila upande. Juu ya bodi tukaweka vyuma vya kushikilia abiria, kwa waya wa umeme uliovuliwa ganda. Turubai lilitoka kwenye mfuko wa suruali yangu ya zamani. Mikungu ya ndizi ilitusumbua. Vijidole vidogo vilivyomo ndani ya ua la mgomba vinafanana sana na ndizi, ila hunyauka na kuwa vyeusi, kwa hiyo tukakanda unga wa ngano na chumvi. Mkungu wa mita moja ukawa na sentimeta tatu kasoro. Hata tope lilitaka hesabu: chembe ya mchanga ya milimita moja, kwa kipimo kile, ni jiwe la sentimeta tatu na nusu. Udongo wa barabarani tukauchekecha kwa kitambaa cha khanga. Nyuma, mjukuu akaandika kwa ncha ya sindano, “Ndaga Kyala”.

Alipokuwa akiandika, nilimsimulia habari ya Aprili 1983. Tukuyu na vilima vyake hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ile ilikuwa kama inamwagwa kwa ndoo. Bibi yake alishikwa na uchungu usiku, na mkunga wa jadi akasema mtoto ametanguliza miguu. Petroli ilikuwa haba nchi nzima. Mzee mmoja mwenye duka alikuwa na Land Rover 109 ya wazi nyuma, na dumu moja aliloficha chini ya kitanda. Hakuuliza bei. Tulitandika majani ya migomba ndani ya bodi, juu yake godoro, na wanawake watatu wakaketi kumshikilia ili asirushwe huku na huku. Mara mbili gari lilizama. Tulifika hospitali ya Tukuyu kunapambazuka, na mtoto aliyezaliwa kabla ya saa tatu asubuhi ndiye mama yake mjukuu huyu.

Alinyamaza. Kisha akatoa ile mikungu yote aliyoihangaikia siku mbili, akakata kipande cha sponji, akakipima kwa rula na kukilaza ndani ya bodi. Mzinga ameuunganisha nao, na anaucheza peke yake, bila gari. Sijamkataza.

Jioni tulimpelekea bibi yake gari hilo jikoni. Alilisogeza karibu na moto ili alione vizuri, akaligeuza, akagusa godoro kwa kidole.

“Gari lilikuwa jingine,” alisema, “lakini ndiyo hii. Mbona sioni waliosukuma?”

Mjukuu akamwuliza walikuwa wangapi.

“Nilikuwa nimefumba macho. Mwulize babu yako.”

Nilihesabu majina kwenye vidole, waliohai na waliofariki, nikapata kumi na mmoja pamoja nami. Tunawatengeneza kwa waya, kila mmoja sentimeta tano. Mpaka leo wamefika wanne.