Tubebe Nini, Tuache Nini?

Bila shaka mlisikia uvumi kwamba mimi na mwenzangu wa Kidato cha Tatu tulijigamba kwenda Mombasa kwa baiskeli likizo ya Agosti, na kwamba tulifika Gede tukarudi tumefyata mikia. Uvumi huo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ninaiandika mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi. Mwenzangu ameniomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita Mwenzangu tu, ijapokuwa darasa zima linamjua.

Wazo lenyewe lilizaliwa katika kipindi cha historia. Mwalimu alikuwa akitueleza jinsi Vasco da Gama alivyofika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka wa 1498 asipokelewe vyema, akapandisha matanga hadi kwetu Malindi ambako alikaribishwa. Nguzo ya Wareno ipo mpaka leo pale ufuoni, na kule Mombasa ipo Fort Jesus, ngome walioanza kuijenga mwaka wa 1593. Mwenzangu akaninong'oneza, "Kutoka nguzo hadi ngome ni kilomita ngapi?" Ni kama 120. Tukapeana mikono chini ya dawati.

Mwenzangu ana baiskeli ya gia. Mimi sina yangu. Ninayoijua ni ya Baba, ile nyeusi nzito ambayo watu huiita Black Mamba, yenye breki za fito na keria ya chuma. Baba hupeleka mikate madukani kwa baiskeli hiyo kila alfajiri isipokuwa Jumapili. Ndicho chakula chetu, ndiyo karo yangu. Nilipomwomba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema angeazima mkokoteni wa jirani kwa Jumamosi moja. "Lakini Jumatatu alfajiri niikute hapa mlangoni, nzima." Mpango ukawa hivi: Jumamosi tufike Kilifi, ambako ni nusu ya njia, tulale kwa shangazi yake Mwenzangu, Jumapili tuingie Mombasa, na jioni turudi kwa basi, baiskeli zikiwa juu ya paa.

Basi tukaketi kuandika vitu vya kubeba. Tuliandika nyuma ya daftari la hesabu, na tulipomaliza vilikuwa 31. Mablanketi mawili, sufuria, jiko la mafuta ya taa, redio, viatu vya ngozi, riwaya ya kutahiniwa (msicheke, nilikuwa na nia njema), na Mwenzangu akaongeza pasi ya makaa, ati mashati yasiwe na makunyanzi tukipigwa picha Fort Jesus! Kila tulipofikiria jambo baya linaloweza kutokea, tuliandika kitu kimoja zaidi. Woga, nimegundua, una mizigo mingi.

Siku mbili kabla ya safari tulikwenda kwa fundi wa baiskeli anayefanya kazi chini ya mwembe karibu na kwetu. Mzee huyo ujanani mwake alichuuza ng'onda kwa baiskeli mpaka Kilifi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnahama?"

Hakungoja jibu. Alituambia tufunge mzigo wote kama tulivyokusudia, twende hadi sokoni na kurudi, ndipo tuzungumze. Lo! Hatukufika sokoni. Uzito wote ulikuwa nyuma na juu, gurudumu la mbele likawa jepesi kama karatasi, usukani ukayumba huku na huku kama mlevi. Sufuria ilianguka mbele ya kituo cha matatu kwa kishindo, makanga wakashangilia kana kwamba tumefunga bao.

Tuliporudi mzee alitandaza gunia chini, akatuambia tutoe kila kitu na tueleze kitatumika wapi. Jiko likaenda. Kwa nini upike, na njia nzima kuna vibanda vya chai na mahamri? Sufuria ikafuata jiko. Pasi hakuiuliza hata swali, aliitazama tu, Mwenzangu akaiondoa mwenyewe. Mablanketi yakatolewa, kila mtu akaachiwa kikoi kimoja, maana kikoi ni shuka, ni taulo, ni kivuli cha kichwa, na mambo yakiharibika ni kamba.

"Mwezi wa nane ni kusi," alisema. "Upepo utawapiga usoni kutoka hapa mpaka Nyali. Mzigo mrefu ni tanga, na tanga hilo litawarudisha Malindi. Mngengoja kaskazi ya Disemba iwasukume." Lakini Disemba ilikuwa mbali nasi vijana subira hatuna. Kwa hiyo alitushonea mifuko miwili ya gunia kwa kila baiskeli, ikaning'inia ubavuni mwa keria, mmoja huku na mwingine huku, ipimane uzito. Vizito vikae chini. Vyuma vifungwe kwa matambara visigongane.

Kwenye vifaa vya ufundi ndipo alipotuvunja mbavu. Kila mmoja wetu alikuwa na pampu, spana na koleo lake. "Kwani mtaachana njiani?" akauliza. Tukabaki na seti moja, lakini si rahisi hivyo. Magurudumu ya Baba ni ya inchi 28 na ya Mwenzangu ni 26, kwa hiyo tyubu ya akiba haiwezi kuwa moja. Vali nazo zilikuwa tofauti, na pampu inayoshika moja haishiki nyingine. Mzee alipekua mkebe wake wa misumari akatoa kidude cha shaba kisichozidi punje ya hindi, cha kuunganisha. Bila kidude hicho tungekuwa na pampu nzuri sana ya kutazama. Pampu yenyewe alituazima yake, ya chuma, akasisitiza neno "kuazima" mara tatu. Akaongeza viraka, gundi, msasa wa kukwaruzia, vijiko viwili vya zamani vya kung'olea tairi, waya mmoja wa breki kwa baiskeli ya Mwenzangu, na spoku tatu zilizofungwa kwa utepe kwenye fremu.

Maji hakupunguza. Lita mbili kila mtu, ingawa lita moja ni kilo nzima, na tujaze tena kila tunapopata. Karanga, ndizi, chumvi kidogo. Suruali moja ya akiba, kofia ngumu za kichwani, tochi, na mashati ya rangi kali ili madereva wa malori watuone.

Mwishowe akafuta mikono. "Sasa kila mmoja aniambie kitu kimoja, ambacho akikikosa safari imekwisha."

Mwenzangu akasema pampu. Mimi nikasema maji.

Nilisema uongo. Ndugu zangu, nina ugonjwa wa pumu tangu darasa la pili. Hakuna mwanafunzi aliyejua, hata huyo ninayeketi naye dawati moja. Mnakumbuka mbio za nyika tulipokuwa Kidato cha Pili, niliposema tumbo linaniuma? Tumbo halikuwa na neno. Na zile siku za kufagia darasa, ninapojitolea kuteka maji, si uchapakazi, ni kukimbia vumbi. Kitu changu kimoja kilikuwa inhela ya buluu, kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo. Mama alikuwa ameifunga katika leso na kuitia mfukoni mwa begi langu kabla hata sijamwambia tunaondoka saa ngapi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilifungua begi na kuitoa. Nilijiambia ni kupunguza mzigo. Mzee si amesema tupunguze? Kitu chenyewe hakifiki uzito wa yai! Ukweli ni kwamba niliona picha akilini: nimesimama kando ya barabara na kichupa mdomoni, na Mwenzangu ananitazama kama mgonjwa. Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa nimejenga jina la mtu wa nguvu. Nikaisukuma chini ya godoro. Tochi ambayo hatukukusudia kuiwasha nikaibeba.

Tulitoka baada ya adhana ya alfajiri. Hewa ilikuwa baridi na kusi ilikwisha amka. Mwanzoni nilitangulia, nikajivunia. Kabla hatujafika Gede kifua kikaanza kukaza, kisha kikapiga mluzi. Nikapunguza mwendo, nikasingizia cheni. Kufika Gede nilikuwa natafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani. Nilishuka, nikaketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, nimeinama mbele, mikono magotini. Mwenzangu alidhani nimekabwa na karanga, akanipiga mgongo.

"Pumu," nikasema. Neno moja tu, pumzi ikaisha.

"Dawa iko mfuko upi?"

Nikatikisa kichwa.

Sijawahi kumwona na hasira vile. "Mimi nimeacha hata redio! Nimeacha spana yangu! Wewe umeacha roho yako nyumbani?" Lakini alikuwa anasema hayo huku ameshaisimamisha bodaboda. Pesa za kiingilio cha Fort Jesus ndizo zilizolipa nauli. Nilipelekwa Malindi hospitalini, nikawekewa dawa ya mvuke mpaka kifua kikafunguka. Huko nyuma Mwenzangu alikaa Gede peke yake, amelinda baiskeli mbili na mizigo mpaka saa saba mchana, Baba alipofika kumchukua. Hakuondoka hata kununua chai, maana aliijua baiskeli ile ni ya nini.

Mama aliipata inhela alipokuwa akitandika kitanda changu nilale. Aliishika mkononi, akanitazama, akauliza, "Ungekufa, ningemwambia nini baba yako? Kwamba ilikuwa nzito?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Daktari aliniambia pumu si sababu ya kutoendesha baiskeli, mradi itibiwe vizuri na dawa iwe karibu. Alinipangia matibabu, akanionyesha namna ya kuvuta kabla ya kuanza safari. Wiki mbili baadaye Baba akaazima mkokoteni tena, jambo ambalo bado linanishangaza. Mzigo tuliupanga upya, na badiliko lilikuwa moja. Sikuitia inhela katika mfuko wa nyuma, ambako mtu angelazimika kufungua kamba nne na kutoa kikoi, ndizi na spana. Nilishona kimfuko kwenye mkanda wa begi langu, kifuani. Ya pili ya akiba aliibeba Mwenzangu. Nilimfundisha mbele ya nyumba yao: tikisa, toa pumzi, bana midomo, bonyeza huku ukivuta, zuia pumzi. Alijaribu kwa kichupa kilichokwisha, dada zake wakacheka. Alfajiri ile kabla ya kukanyaga pedali alisoma kwa sauti kama karani, "Pampu? Kidude cha shaba? Maji? Ya buluu?" Vyote vilikuwepo.

Njia sitaisimulia yote. Kusi ilitupiga kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke mpaka tukawa tunapokezana kutangulia. Tulivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka wa 1991, jua likiwa bado juu. Jumapili, kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, lori lilitusukuma nje ya lami, vumbi likatumeza. Nilisimama. Kabla sijafungua kimfuko changu Mwenzangu alikuwa ameshashuka, ile ya akiba iko mkononi mwake, ameanza kuitikisa. Nikavuta mbele ya wauza madafu watatu na mbuzi kadhaa. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza kama tunataka dafu, tukanywa mawili.

Fort Jesus tulipigwa picha nje ya lango, mashati yana makunyanzi, pesa za kiingilio hatuna. Jumatatu alfajiri Baba aliikuta baiskeli mlangoni, vumbi la Mombasa likiwa bado kwenye spoku.

Jioni yake tulikwenda kwa mzee kusalimia. Aliuliza ni nini kilichorudi bila kutumika. Tukamwambia: spoku tatu, waya wa breki, tyubu zote mbili, tochi, na suruali ya akiba ya kila mmoja.

"Suruali zitoeni," akasema. "Hayo mengine yaacheni humo humo mifukoni." Kisha akanyosha mkono apewe pampu yake.