Kibuyu na Kidonge

Kwa wazee wengi wa Ruring'u, mjini Nyeri, tumbo linalosokota halina tabibu kama ucuru wa mukio, yaani uji uliochachushwa. Imani hiyo haistahili kubezwa. Mnamo mwaka wa 1917, tabibu Mjerumani, Alfred Nissle, alipata bakteria aina ya E. coli katika kinyesi cha askari ambaye hakuhara ilhali wenzake walihara. Kinyesini, ajabu iliyoje! Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 ulibainisha kuwa bakteria hao huzuia vidonda vya utumbo mpana visirejee takriban sawa na dawa ya mesalazini. Hata hivyo, hao sio wanaochachusha uji. Na kwa ugonjwa wa Crohn, jamaa ya vidonda hivyo, ushahidi ni haba.

Bibi mmoja wa Ruring'u, mwenye vidonda vinavyotulia kisha vikaamka na damu, aliviweka vidonge kando.

"Mwanangu, uji huu ndio uliotulea," akamjibu bintiye aliyemsihi.

Angeweza kunywa vyote viwili. Ila vidonge hununuliwa kila mwezi, na kibuyu hakidai senti. Binti alilijua hilo, hakumgombeza mamaye.