Udongo wa Kikima Wafika Malindi

Ukisimama sokoni Kikima, juu ya vilima vya Mbooni, bahari ni jambo la kusimuliwa tu. Maji tuyajuayo ni ya kisimani, ya mtungi, na yale ya kufukua katika mchanga wa mto mkavu. Ndiyo maana likizo ya Desemba niliwachukua wanangu wawili tukateremka hadi Emali, tukapanda treni ya Madaraka mpaka Mombasa, kisha matatu hadi Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Wanangu walitarajia maji ya buluu. Waliyoyakuta yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa.

"Baba, mbona yanafanana na ya mto wetu mvua ikinyesha?" akauliza kitindamimba.

Hakukosea. Maji ya Mbooni huishia Mto Athi. Athi ukiungana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Kati ya Desemba na Machi, pepo za kaskazi hulisukuma tope hilo kusini kuelekea mji.

Nahodha mmoja mzee akatuambia, "Nendeni Watamu, wanangu. Huko maji ni maangavu."

Tulikwenda. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Tulipanda mashua yenye sakafu ya kioo, tukawaona samaki wa kila rangi wakipita chini ya miguu yetu. Maji yalipokupwa tulivaa miwani na bomba la kupumulia tukaogelea juu ya matumbawe. Wanangu, ambao hawakuwahi kuingia maji yanayopita magoti, walishikilia jaketi zao za kuokoa maisha kwa mikono miwili. Baada ya nusu saa waliachia mkono mmoja. Alasiri tulipiga makasia kwa mtumbwi kati ya mikoko ya Mida.

Msomaji, ukipanga safari kama hii, epuka msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari inapochafuka. Uliza saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kulipa. Na mtoto asipande mashua bila jaketi, hata akilia.

Tukirudi, nahodha wa Watamu alitueleza kwamba tope likitua juu ya matumbawe huyafunika yakafa, na samaki wakahama. Kifunguamimba alinyamaza njia nzima.

Jumamosi iliyofuata, Kikima, nilimkuta shambani na jembe, akirekebisha tuta lililobomolewa na mvua. Sikumtuma.

"Baba," akasema, "udongo huu ukibaki hapa, sisi tutapata mahindi na wale watapata samaki."

Nikachukua jembe la pili.