Kupata Baki Bila Kugawanya

Wanafunzi wa sekondari huiogopa hesabu ya kugawanya polinomia, nasi hatuwalaumu. Njia yake ndefu hujaza ukurasa mzima, na alama moja ya kutoa ikisahauliwa, kazi yote imeharibika. Lakini mara nyingi swali halitaki jibu la kugawanya. Lataka baki tu.

Tutazame x³ + 2x² − 5x + 4, igawanywe kwa x − 2. Weka 2 mahali pa x: 8 + 8 − 10 + 4, yaani 10. Hilo ndilo baki. Sababu yake ni nyepesi. Kitu kilichogawanywa ni sawa na kigawanyo mara jibu, kisha kuongeza baki. Sasa x ikiwa 2, kigawanyo x − 2 ni sifuri, na sifuri mara jibu lo lote ni sifuri. Limebaki baki peke yake. Kigawanyo kikiwa x + 3, weka −3. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, alikwisha kuonyesha ya kuwa baki likiwa sifuri, kigawanyo hicho hugawa sawasawa.

Wazazi wetu hapa Busale huuliza, hesabu hizi za herufi zamfaa nini mkulima wa kakao? Swali ni la haki. Basi fahamu, ndugu msomaji, ya kuwa 7,452 ni polinomia: 7x³ + 4x² + 5x + 2, ambayo x yake ni 10. Na 9 ni x − 1. Weka 1 mahali pa x, utapata 7 + 4 + 5 + 2, ndiyo 18. Na 18 ikigawanywa kwa 9 haibaki kitu. Kwa hiyo 7,452 nayo haibakizi kitu.

Tuseme umeuza kilo 87 kwa shilingi 8,450 kila kilo, na karatasi yasema 725,150. Jumlisha tarakimu, na jumla ikizidi 9 ijumlishe tena: 87 yatoa 6, 8,450 yatoa 8, 6 mara 8 ni 48, yatoa 3. Lakini 725,150 yatoa 2. Karatasi ina kosa! Haki yako ni 735,150. Shilingi 10,000 zimepotea njiani.

Ila tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, ikaandikwa 753,150, jumla yake ni ile ile, na njia hii haioni kitu. Hapo hatuna budi kuzidisha upya.